Gari linapopoteza nguvu ghafla: Mwongozo kwa wasafiri wa Garsen na Tana River

Na MWANDISHI WETU

DEREVA anayeondoka Malindi kuelekea Garsen husafiri takriban kilomita 110, akipitia Gongoni na Marereni kabla ya kufika Minjila, mahali njia zinapoachana. Anayeelekea kaskazini hufuata bonde la Mto Tana hadi Hola na Garissa. Anayekwenda Lamu huuvuka mto na kuendelea kupitia Gamba na Witu hadi Mokowe. Katika njia zote mbili vituo vya mafuta ni vichache, gereji zenye vifaa ni haba, na kati ya kijiji kimoja na kingine dereva huweza kwenda kitambo kirefu asione ila vichaka na mifugo.

Ndiyo maana hitilafu ambayo mkazi wa Mombasa angeiona kuwa kero ya saa moja huweza kugeuka kuwa janga katika kaunti ya Tana River. Injini inayopoteza nguvu ghafla huwaacha abiria juani pasipo maji wala kivuli. Isitoshe, barabara ya Garsen hadi Lamu ina historia ya mashambulizi. Baada ya uvamizi wa Mpeketoni mnamo Juni 2014, magari ya abiria yalilazimika kusafiri kwa misafara chini ya ulinzi wa polisi, na mnamo Januari 2020 basi lilishambuliwa katika eneo la Nyongoro na watu wakauawa. Aliyekwama mahali kama hapo anahitaji kujua upesi mambo mawili: gari lina nini, na je, laweza kuendelea hadi penye usalama?

Makala haya yanaeleza namna ya kutafuta kiini cha hitilafu hiyo hatua kwa hatua, kwa kutumia macho, masikio na pua kabla ya kutumia spana.

Injini inahitaji nini?

Injini ya petroli hufanya kazi kwa kuvuta hewa safi, kuichanganya na mafuta kwa kipimo, kuugandamiza mchanganyiko huo ndani ya silinda, kisha kuuwasha kwa cheche kutoka kwa plagi. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hugandamiza hewa hadi ikapata joto kali, na mafuta yanaponyunyizwa na nozeli huwaka yenyewe. Katika zote mbili, moshi ni lazima upate njia ya kutoka.

Kwa hivyo, nguvu inapopungua, ni lazima kimojawapo kati ya hivi kiwe kimekwama: hewa, mafuta, cheche, mgandamizo au moshi. Fundi hodari huviondoa kimoja baada ya kingine hadi abaki na kile kisichoweza kuondolewa. Fundi wa kubahatisha hubadilisha vipuri mpaka mwenye gari aishiwe na fedha.

Kuna sababu moja ambayo msafiri wa Garsen anaweza kuiondoa papo hapo, nayo ni mwinuko wa ardhi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi, injini isiyo na tabocharja hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake. Garsen iko katika nyanda za chini karibu na pwani. Gari lililotoka bara lingetarajiwa kupata nguvu kidogo linapofika huko. Likizipoteza, basi lina ugonjwa.

Hatua ya kwanza: Simama na usome dashibodi

Dalili ya mvua ni mawingu. Mara tu unapohisi gari linalegea, tazama dashibodi kabla ya jambo jingine lolote.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka, ondoka barabarani na uzime injini mara moja. Injini isiyo na mgandamizo wa oili huweza kujikwaruza na kufa kabisa kwa muda wa dakika chache, na gharama ya kuitengeneza aghalabu hukaribia ya kununua nyingine. Mshale wa joto ukipanda hadi eneo jekundu, zima vilevile. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji yaliyomo yamegandamizwa na huruka yakachoma uso na mikono. Subiri nusu saa au zaidi.

Ikiwaka taa ya manjano yenye umbo la injini, kompyuta ya gari imegundua kasoro fulani. Magari mengi ya kisasa hujiwekea kikomo katika hali hiyo: hukataa kupita kasi fulani ili yasijiharibu. Taa hiyo ikiwa imetulia, kwa kawaida unaweza kuendelea polepole. Ikimetameta, maana yake ni kwamba mafuta yasiyoungua yanamwagika kwenye ekzosi, na kuendelea kwa kasi kutaharibu mengine.

Ukisimama, egesha mbali na lami kadiri ardhi inavyoruhusu. Angalia kwanza unapoegesha, kwani udongo mweusi wa mfinyanzi wa bonde la Tana hunasa magurudumu hata baada ya mvua ndogo, nao mti wa mathenge uliotapakaa kandokando ya barabara una miiba inayotoboa magurudumu. Weka vibao vya pembetatu vya kuakisi mwanga, kimoja mbele na kimoja nyuma. Ikiwa unasafiri katika msafara au karibu na kizuizi cha polisi, wajulishe walinzi kabla ya kufungua boneti.

Hatua ya pili: Je, ni injini au ni gari?

Wengi hulaumu injini ilhali injini ni nzima. Jiulize: nilipokanyaga mafuta, injini ilinguruma zaidi bila gari kuongeza mwendo? Kama ndivyo, nguvu ipo ila haifiki kwenye magurudumu. Katika gari la gia za mkono, klachi imelika na inateleza. Mara nyingi utasikia harufu kama ya kitu kinachoungua. Katika gari la gia za kujibadilisha, angalia kiwango cha oili ya gia na rangi yake. Ikiwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua, gia zina matatizo.

Ikiwa injini inalia kwa uzito kana kwamba inavuta mzigo, huenda breki zimeshika. Pitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu lenye joto kuliko mengine ndilo lenye breki iliyonata. Vumbi na matope ya barabara za mashambani husababisha hali hii mara kwa mara.

Hatua ya tatu: Nguvu iliondokaje?

Namna nguvu ilivyoondoka husema mengi. Injini iliyozimika kama taa iliyozimwa kwa swichi, bila kukohoa, kwa kawaida imekosa umeme: fyuzi, rilei, waya au sensa. Injini iliyokohoa, ikarukaruka, ikapata nafuu kisha ikalegea tena, yaelekea imekosa mafuta. Injini iliyolegea kidogo kidogo kadiri safari ilivyorefuka huwa na tatizo la joto, kichujio kilichoziba au moshi usiotoka. Nayo iliyolegea kwa mshindo au kwa mlio wa upepo huenda imechomoka bomba la hewa.

Rangi ya moshi nayo ni ushahidi. Moshi mweusi hueleza kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa: kichujio cha hewa kimeziba, bomba la tabocharja limechanika au nozeli inavuja. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokoma katika injini ya petroli iliyokwisha kupata moto ni dalili ya maji kuingia kwenye silinda kupitia gasketi iliyopasuka. Katika injini ya dizeli, moshi mweupe waweza pia kuwa mafuta ambayo hayakuungua.

Hewa: Adui wake ni vumbi

Anza na kichujio cha hewa kwa sababu ndicho rahisi kukifikia. Wakati wa kiangazi, lori moja likipita kwenye njia ya udongo huacha wingu la vumbi, na gari linalofuata nyuma hulivuta lote. Kichujio kilichotarajiwa kudumu miezi mingi mjini huweza kuziba kwa safari chache. Kitoe, kipigepige taratibu dhidi ya gurudumu, kisha ukitazame kwenye mwanga. Kama mwanga haupenyi, ndicho mshukiwa wa kwanza. Usiliendeshe gari bila kichujio. Vumbi la mchanga husaga silinda kama msasa.

Kisha fuata mpira unaotoka kwenye kichujio hadi kwenye injini. Upapase kwa chini, kwani nyufa hujificha huko. Kwa magari yenye tabocharja, ambayo ni pamoja na pikapu nyingi za dizeli, klipu iliyolegea hutosha kuondoa sehemu kubwa ya nguvu. Huo ni ugonjwa unaotibika kwa bisibisi na dakika tano.

Mafuta: Mshukiwa mkuu

Katika maeneo yaliyo mbali na vituo vya mafuta, watu hununua petroli na dizeli kwenye mitungi ya plastiki. Mafuta ya namna hiyo huweza kuwa na maji, mchanga au mafuta ya taa. Uchanganyaji ulienea nchini kiasi kwamba mnamo Septemba 2018 serikali ilianza kutoza mafuta ya taa ada maalumu ya Sh18 kwa lita, ili bei yake isiwe chambo kwa wachanganyaji.

Iwapo gari lilianza kulegea muda mfupi baada ya kujazwa mafuta, chota kiasi kidogo na ukitie kwenye chupa safi ya kioo. Iache itulie kwa dakika kadhaa. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, hivyo yatashuka chini na utaona mstari unaoyatenga. Kwa petroli, dondoshea tone moja kwenye karatasi nyeupe na ulipeperushe. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama kubwa. Iliyochanganywa na mafuta ya taa au dizeli huacha doa la mafuta. Fanya majaribio haya mbali na injini iliyo moto, na asiwepo anayevuta sigara.

Gari la dizeli kwa kawaida lina kitenga maji chini ya kichujio cha mafuta. Legeza skrubu yake, acha maji yatoke mpaka dizeli safi ionekane, kisha uikaze. Ikiwa juu ya kichujio kuna pampu ya mkono, ibonyeze hadi iwe ngumu ili kuondoa hewa iliyoingia kwenye mabomba. Hewa kidogo tu kwenye mfumo wa dizeli huifanya injini ikohoe na kuzima.

Kwa gari la petroli lenye pampu ya umeme, washa ufunguo bila kupiga stata na usikilize upande wa tangi. Katika magari mengi utasikia mlio mwembamba kwa sekunde mbili hivi. Kimya hueleza kwamba pampu imekufa au fyuzi yake imekatika. Badilisha fyuzi kwa nyingine ya kiwango kilekile. Ikikatika tena, kuna waya unaogusana, na kuweka fyuzi kubwa zaidi ni kukaribisha moto. Wanaoendesha kila siku tangi likikaribia kuisha wajue kwamba pampu hiyo hupozwa na mafuta yaliyoizunguka. Tangi tupu huifupishia maisha.

Cheche na umeme

Silinda moja ikikosa cheche, injini hutetemeka na kupoteza nguvu, hali ambayo mafundi huieleza kwa kusema gari "linamisi." Injini ya silinda nne inayotumia tatu hulegea sana, hasa kwenye mlima au ikiwa na mzigo. Chanzo huwa plagi iliyochakaa, koili iliyokufa au maji yaliyoingia kwenye shimo la plagi baada ya kuosha injini au kuvuka dimbwi.

Zamani mafundi walichomoa waya za plagi injini ikiwa inanguruma ili kujua silinda ipi haifanyi kazi. Usijaribu hivyo. Umeme wa koili hufikia maelfu mengi ya volti. Zima injini, kausha koili na soketi zake, kisha uzikaze vizuri. Kama una koili ya akiba, ibadilishe na kila moja kwa zamu.

Kuna hitilafu moja inayowahangaisha wengi katika maeneo ya joto: gari huzima baada ya mwendo mrefu, likipumzishwa kwa nusu saa huwaka kama kwamba halikuwa na lolote, kisha huzima tena. Mara nyingi chanzo ni sensa ya krenki shafti, koili au pampu ya mafuta inayoshindwa ikipata moto. Ukilifikisha kwa fundi likiwa limepoa, hataona kitu. Mweleze kwamba hali hiyo hutokea likiwa moto tu.

Moshi na mgandamizo

Kisafishio cha moshi kilichomo ndani ya bomba la ekzosi kikivunjika au kuziba, injini hunguruma vizuri ikiwa imesimama, lakini hukataa kupanda resi. Weka kiganja umbali kidogo kutoka mwisho wa bomba. Pumzi dhaifu ilhali injini inapigwa resi ni dalili ya kuziba. Usiegeshe gari la namna hiyo juu ya nyasi kavu, kwani kisafishio kilichoziba huwa na joto la kuwasha moto.

Mgandamizo hupotea kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni gasketi ya kichwa cha injini kuungua, aghalabu baada ya gari kupata joto kupita kiasi. Toa kijiti cha oili: oili yenye rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji. Ya pili ni mkanda wa taimingi kukatika. Injini huzima ghafla, na ukipiga stata huzunguka kwa wepesi usio wa kawaida. Acha kupiga stata papo hapo, maana katika injini nyingi pistoni zitagonga valvu na kuzipinda.

Mafuriko: Usiwashe tena

Bonde la Tana lina hatari isiyopatikana kila mahali. Mto huweza kufurika Garsen hata siku ambazo mbingu za Garsen ni nyeupe, kwa kuwa maji hutoka nyanda za juu na kushuka kupitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mnamo Novemba 2023, mafuriko ya El Nino yalikata barabara ya Garsen hadi Lamu na ile ya Garissa, na magari mengi yakakwama.

Maji hayagandamiziki. Yakiingia kwenye silinda kupitia mdomo wa kuvutia hewa, pistoni hukutana na kitu kisichosogea, na fito za chuma zinazoiunganisha na krenki shafti hupinda au kuvunjika. Injini za dizeli huumia zaidi kwa kuwa mgandamizo wake ni mkubwa. Kabla ya kuvuka maji, jua mdomo wa hewa wa gari lako uko wapi, na usiingie palipo na mkondo hata kama dereva aliyetangulia amepita.

Injini ikizima ndani ya maji, usipige stata. Sukuma au vuta gari hadi pakavu. Kagua kichujio cha hewa: kikiwa kimelowa, huenda maji yameingia ndani. Fundi atatoa plagi, au nozeli kwa gari la dizeli, kisha aizungushe injini ili maji yatoke. Oili ya injini, ya gia na ya difu zikaguliwe kabla ya safari kuendelea. Uharibifu mwingi hufanyika mtu anapojaribu kuliwasha gari kwa mara ya pili, baada ya maji kwisha kuingia.

Kompyuta hutoa fununu, si hukumu

Marekani ilishurutisha magari mapya kuwa na mfumo sanifu wa kutambua hitilafu tangu 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Magari mengi yanayoingizwa nchini kutoka Japan nayo yana soketi ya namna hiyo chini ya usukani, ingawa baadhi hayasomeki na kila kifaa.

Kifaa hicho hutoa namba inayotaja saketi iliyotoa malalamiko. Namba inayosema mchanganyiko una hewa nyingi mno haimaanishi kwamba sensa imekufa. Chanzo chaweza kuwa mpira uliopasuka, kichujio cha mafuta kilichoziba au pampu dhaifu. Fundi anayesoma namba na kudai sensa mpya papo hapo hajachunguza bado. Mwombe aeleze alivyothibitisha, na udai kipuri cha zamani kinapotolewa.

Kuendelea au kukaa?

Unaweza kuendelea polepole hadi mji ulio karibu iwapo taa ya oili haiwaki, joto ni la kawaida, hakuna mlio wa chuma kugonga chuma, hakuna harufu ya mafuta yanayovuja na breki zinafanya kazi. Likikosekana moja kati ya hayo, tafuta gari la kuvuta. Abiria wasitawanyike vichakani kutafuta kivuli. Wakae pamoja mahali wanapoonekana, upande wa mbali na magari yanayopita.

Kwa safari za Tana River, beba angalau lita 20 za maji kwa ajili ya watu na rejeta, kichujio cha mafuta na cha hewa, mkanda wa feni, fyuzi za viwango mbalimbali, klipu za mipira, spana, tochi na kamba ya kuvutia. Jaza tangi Malindi au Garissa badala ya kutegemea mitungi ya njiani.

Hatimaye, ukifika kwa fundi, mpe habari hizi: ulijaza mafuta wapi na lini, umeenda kilomita ngapi tangu hapo, nguvu ilikatika ghafla au taratibu, injini ilikuwa moto au baridi, moshi ulikuwa wa rangi gani, taa ipi iliwaka, na je, gari lilipopumzika lilipata nafuu? Ziandike mara tu zinapotokea. Fundi aliyepewa majibu hayo saba ataanza kazi akiwa amekwisha kuondoa nusu ya washukiwa.